Kura Isiyovuka Ruvubu

Jumatano ya tarehe 20 Mei 2020 Burundi iliamkia foleni. Kwenye vilima vya Buhinyuza, kusini mwa mkoa wa Muyinga, kama ilivyokuwa nchi nzima, watu walijipanga mbele ya vituo vya kupigia kura, kadi mkononi, kumchagua rais, wabunge na madiwani kwa siku moja. Aliyetoka ndani alitoka na kidole chenye wino.

Siku hiyo mitandao ya kijamii ilifungwa. Twitter, Facebook na WhatsApp hazikufunguka. Mtu aliyekuwa kambini Nduta, wilayani Kibondo nchini Tanzania, akimwandikia dada yake wa Buhinyuza kumuuliza hali ya kituoni, aliona tiki moja kwenye simu yake, na tiki hiyo haikugeuka mbili.

Wa Nduta hakuwa na foleni ya kupanga. Wala hakuwa peke yake. Wiki chache kabla ya uchaguzi, mamlaka za Burundi zilitangaza kwamba raia walioko nje ya nchi hawatapiga kura mwaka huo, na sababu iliyotolewa ilikuwa korona. Mwanafunzi wa Brussels, dereva wa Nairobi, mama wa kambi ya Nyarugusu, wote waliwekwa kando kwa tangazo hilo moja.

Ndani ya nchi, wakati huohuo, viwanja vya kampeni vilifurika. Waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliambiwa wakija watakaa karantini siku 14, wakashindwa kuja. Siku chache kabla ya kura, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani alitakiwa kuondoka. Ugonjwa uliosemekana hauzuii maelfu kubanana uwanjani haukuweza kuwa sababu ya haki ya kuzuia sanduku moja ndani ya ubalozi. Mambo hayo mawili hayakai pamoja, na Warundi wa nje wana haki ya kuuliza mpaka leo.

Matokeo yalimpa Évariste Ndayishimiye wa chama tawala, CNDD-FDD, takriban asilimia 69 ya kura, na mpinzani wake Agathon Rwasa wa CNL asilimia 24. Muhula ni wa miaka saba. Kura ya rais inayofuata ni ya mwaka 2027.

Sanduku liko ubalozini, watu wako kambini

Kwenye karatasi, haki ipo. Sheria ya uchaguzi ya Burundi inamruhusu raia anayeishi nje kupiga kura katika ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi yake, lakini kwa kura ya rais na kura ya maoni tu. Wabunge na madiwani hawamhusu.

Kwa hiyo tarehe 5 Juni 2025, nchi ilipochagua wabunge na madiwani, walio nje walibaki watazamaji. Siku hiyo CNDD-FDD ilichukua viti vyote 100 vya ubunge vilivyokuwa vikigombewa. Bunge lisilo na hata mbunge mmoja wa upinzani aliyechaguliwa kwa kura lilipatikana bila sauti ya Mrundi yeyote wa ughaibuni. Ukiacha kura ya maoni, kura ya rais ndiyo mlango pekee waliobakiziwa, na mara ya mwisho ulifungwa.

Tatizo kubwa zaidi ni la mahali. Ubalozi hujengwa kwenye miji mikuu, pale wanadiplomasia wanapokaa. Warundi walio wengi nje ya nchi hawakai huko.

Baada ya tangazo la Aprili 2015 kwamba rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, atagombea tena, maandamano ya Bujumbura, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei na ukandamizaji uliofuata, zaidi ya watu 400,000 waliihama nchi. Walikwenda Mahama nchini Rwanda, Nakivale nchini Uganda, Lusenda huko Kivu Kusini. Walio wengi zaidi walikwenda Tanzania. Nyarugusu ilijaa, Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli wilayani Kakonko ikafuata Januari 2016.

Mtu wa Buhinyuza, anayeishi karibu na Mto Ruvubu na mbuga yake, hahitaji kuelezwa njia hiyo. Akivuka mto anaingia Cankuzo, na ng'ambo ya Cankuzo ni Tanzania. Kabla ya wakimbizi walipita hapo vibarua: vijana wanaokwenda msimu wa kilimo kuwalimia watu migomba na mahindi huko Ngara, Kakonko na Kibondo, kisha wanarudi na baiskeli au mabati. Wengi hawana pasipoti. Hawako kwenye orodha ya wakimbizi, na ubalozi hauwajui. Uandikishaji wa wapiga kura ukiwakuta shambani kwa mtu, basi imekwisha.

> Mtoto aliyevushwa mpaka akiwa na miaka sita mwaka 2015 anatimiza miaka 18 mwaka 2027.

Tuchukue mfano wa mkimbizi wa Nduta anayetaka kupiga kura kwa mujibu wa sheria ilivyo sasa. Ubalozi mdogo wa Burundi ulio karibu naye uko Kigoma mjini. Ili atoke kambini anahitaji kibali cha maandishi. Akikipata, anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na chakula chake ni cha mgao. Safari hiyo aifanye mara mbili: kujiandikisha kwanza, kisha kupiga kura. Halafu afike kaunta ya ofisi ya serikali ileile aliyoikimbia, ataje jina lake, kilima alichozaliwa na kambi anayolala. Mwenye busara atabaki kambini. Haki inayomtaka mtu afanye yote hayo ni ya walio Brussels na Ottawa. Ya wa Nduta haijaandikwa.

Siasa za nje zimekuwapo siku zote

Wapo wanaosema mkimbizi aachane na siasa, ale, alale, angoje amani. Historia ya Burundi inawakatalia.

Melchior Ndadaye alikimbilia Rwanda mwaka 1972 akiwa kijana mdogo, wakati wa mauaji ya mwaka huo. Akasoma huko, akafundisha huko, akaanza siasa huko pamoja na wakimbizi wenzake, na hakurudi nyumbani mpaka 1983. Tarehe 1 Juni 1993 alichaguliwa kuwa rais kwa karibu asilimia 65 ya kura, wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kati ya wagombea kadhaa. Aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Sylvestre Ntibantunganya, aliyeshika urais mwaka 1994, naye alikuwa amepitia ukimbizi wa Rwanda.

Upande wa Tanzania, vuguvugu la PALIPEHUTU lilianzishwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo na Rémy Gahutu. CNDD, mzizi wa chama kinachotawala leo, iliundwa uhamishoni mwaka 1994. Ukihesabu nguvu zilizoigeuza Burundi kwa miaka 40 iliyopita, nyingi zina cheti cha kuzaliwa cha nje ya mpaka.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Warundi wa nje hawajawahi kuacha siasa za kwao. Kilichokosekana ni njia ya kuzifanya kwa amani wakiwa huko huko. Wasipopewa karatasi ya kura, yupo atakayewaletea bunduki, na mara nyingi amewaletea. Tawi la silaha la PALIPEHUTU, yaani FNL, lilipigana mpaka likakubali kuwa chama cha siasa mwaka 2009. Kiongozi wake, Rwasa, ndiye huyo aliyepata asilimia 24 mwaka 2020. Vuguvugu lililoanzia kwenye makazi ya wakimbizi lilichukua takriban miaka 30 kufika kwenye daftari la wapiga kura, na katikati yake wamelala watu wengi makaburini.

> Vuguvugu lililozaliwa Mishamo mwaka 1980 lilichukua takriban miaka 30 kufika kwenye sanduku la kura.

Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyoanzwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, yalilitambua hilo. Suala la kurudi kwa wakimbizi lilipewa sura yake ndani ya itifaki ya nne. Lakini Arusha iliwaza mkimbizi anayerudi. Kuhusu raia ambaye bado yuko nje siku ya kura, haikwenda mbali.

Waliochagua kuwa Watanzania

Wapo waliolimaliza suala la kura kwa njia nyingine. Wakimbizi wa 1972 na watoto wao waliokuwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo mkoani Katavi, waliulizwa kuanzia mwaka 2007: mnarudi au mnabaki? Karibu wanne kati ya kila watano walisema wanabaki. Zaidi ya 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa Oktoba 2014 wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Mwaka uliofuata, Oktoba 2015, wakapiga kura kwenye uchaguzi mkuu wa Tanzania. Wengine walikuwa na miaka zaidi ya 50 na hawajawahi kumchagua mtu yeyote popote. Ili kupata kura ya Tanzania walilazimika kuachana na uraia wa Burundi, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha.

Maelfu wengine wa kundi hilohilo la 1972 walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007. Waliopata uraia huko wameingia kwenye utaratibu tofauti kabisa. Raia wa Marekani aliye nje ya nchi analindwa na sheria ya mwaka 1986, iliyoimarishwa mwaka 2009: hujaza fomu moja, huhesabiwa kama mpiga kura wa mahali alipoishi mara ya mwisho Marekani, na karatasi ya kura lazima itumwe kwake siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa, akitaka hata kwa barua pepe.

Maana yake ni hii. Mama aliyezaliwa Muyinga, akakulia kambini Kigoma, akapata uraia Texas, kisha akarudi kuwatunza wazazi wake Buhinyuza, anaweza kumchagua rais wa Marekani akiwa chini ya mgomba wa baba yake. Binamu yake aliyebaki Nduta hawezi kumchagua rais wa Burundi, ingawa Burundi iko jirani naye.

Tusiipambe Marekani kupita kiasi. Wanaoutumia utaratibu huo ni wachache. Makadirio ya serikali yao yenyewe yanaonyesha chini ya mmoja kati ya kumi wa Wamarekani walio nje wenye umri wa kupiga kura. Posta huchelewa, majimbo yana masharti tofauti, na wengi hawajui kwamba wana haki hiyo. Hata hivyo aliyejua na akataka, anapiga.

Kwa majirani

Kenya iliandika haki ya raia wa nje kwenye Katiba ya 2010, kwa masharti kwamba itekelezwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walianza na nchi za Afrika Mashariki pekee, wakiandikisha watu 2,637. Mwaka 2017 wakafika 4,393 baada ya kuongeza Afrika Kusini. Mwaka 2022 walikuwa 10,443 katika nchi 12. Ni idadi ndogo kwa nchi yenye diaspora kubwa kama ya Kenya, na Wakenya wengi wa Marekani na Ghuba hulalamika kwamba kituo kiko mbali nao kwa ndege.

Lakini Bujumbura imekuwa na kituo cha Wakenya tangu ile mara ya kwanza. Mkenya wa Bujumbura amepiga kura ya rais wa kwao. Mrundi wa Nairobi, mwaka 2020, hakupiga ya kwao.

Rwanda mwaka 2024 ilipiga kura nje tarehe 14 Julai, na ndani siku iliyofuata. Kongo ilijaribu kwa mara ya kwanza Desemba 2023 katika nchi tano: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika Kusini. Wakongo wa kambi za Uganda na Burundi, walio jirani kabisa, hawakuguswa. Uganda na Tanzania hazina kabisa kura ya raia walio nje. Ramani ya Jumuiya yetu imejaa viraka, na katika viraka vyote hivyo mkimbizi ndiye anayeachwa.

Kwingineko imewezekana. Mwaka 2004 wakimbizi wa Afghanistan walipiga kura nchini Pakistan na Iran, chini ya usimamizi wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Mwaka 2013 wakimbizi wa Mali walipiga kura kwenye nchi walizokimbilia: Mauritania, Niger na Burkina Faso. Waliojitokeza huko Sahel walikuwa wachache, na majina mengi hayakuonekana kwenye orodha. Ila kazi ilifanyika, na haikuwa lazima mkimbizi asafiri hadi mji mkuu kuonana na balozi.

Wanaopinga wana hoja zao

Serikali ya Burundi husema nchi imetulia, na anayetaka kuchagua arudi nyumbani achague. Hoja hiyo si ya kutupwa. Tangu Septemba 2017 zaidi ya watu 200,000 wamerejea, na Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Kila anayerudi ni mpiga kura anayerudi. Kasoro yake ni kwamba inageuza kura kuwa tuzo ya kurejea. Uraia haupotei mtu akivuka mpaka, na nchi inayoandaa wiki ya diaspora kuwaomba watoto wake wa nje walete mitaji inakubali kwa kitendo hicho kwamba bado ni wake.

Tanzania ina wasiwasi wa aina yake. Sheria yake ya wakimbizi ya 1998 inabana shughuli na mizunguko ya wakimbizi, na hakuna wilaya ya mpakani inayotaka bendera za vyama vya nchi jirani zikipepea ndani ya kambi. Wanaokumbuka makundi yenye silaha ya miaka ya 1990 wanaelewa kwa nini. Hata hivyo kupiga kura siku moja, bila kampeni, mbele ya waangalizi, si sawa na kuendesha chama kambini. Inawezekana kuruhusu la kwanza na kukataza la pili.

Wakimbizi wenyewe wanaogopa. Novemba 2020 Human Rights Watch iliripoti kwamba Warundi kadhaa walikamatwa Tanzania, wakateswa, na baadhi wakakabidhiwa kwa Burundi. Mtu aliyesikia habari hizo hatoi jina lake kwa urahisi. Kuna pia jambo la kisheria: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema anayejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Anayeingia ubalozini kujiandikisha ana sababu ya kujiuliza kama kura yake itakuja kumgharimu kibanda chake.

> Anayeingia ubalozini kujiandikisha ana sababu ya kujiuliza kama kura yake itamgharimu hadhi ya ukimbizi.

Na kuna sauti ya Buhinyuza yenyewe, ile ya waliobaki. Sisi tumekaa, tumelipa kodi, tumepanga foleni ya mafuta na ya sukari. Kwa nini atuchagulie rais mtu ambaye hatatawaliwa naye? Kwa Mrundi aliyejijenga Ulaya na asiyefikiria kurudi, swali hilo ni zito. Kwa mkimbizi wa Kibondo ni tofauti. Rais atakayechaguliwa ndiye atakayeamua kama shamba lake linalindwa au limegawiwa mwingine, na kama akirudi atapokewa au atafuatwa usiku na Imbonerakure, vijana wa chama tawala. Hakuna anayetawaliwa zaidi na matokeo ya kura ya Burundi kuliko mtu anayengoja kurudi Burundi.

Hata ramani imehama

Kuna jambo dogo linaloweza kuvuruga kila kitu. Burundi imepunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na uchaguzi wa 2025 ulifanyika kwa mpangilio huo mpya. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi zimeunganishwa kuwa mkoa wa Buhumuza. Tarafa ndogo, Buhinyuza ikiwemo, zimeunganishwa na nyingine.

Aliyeondoka 2015 ana kadi ya zamani inayosema Buhinyuza, Muyinga. Siku atakapoulizwa mkoa wake atataja mkoa usiokuwepo. Anayeandaa daftari la walio nje asipolishughulikia hili mapema, majina yatakataliwa kwa maelfu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kazi iliyo mezani

Burundi, Tanzania na shirika la wakimbizi la UNHCR wana tume ya pande tatu. Hukutana kupanga misafara ya kurejea: mabasi mangapi, mizigo kiasi gani, wiki ipi. Tume hiyo ina orodha ya watu, familia kwa familia, kambi kwa kambi. Hakuna chombo kingine chenye taarifa za Warundi wa Tanzania kama hicho. Kuiongezea ajenda ya kura si kuanza upya.

Tume ya uchaguzi, CENI, inaweza kuomba vituo ndani ya Nyarugusu na Nduta, uandikishaji ufanywe na chombo cha kimataifa badala ya maofisa wa ubalozi, na sheria itamke wazi kwamba kupiga kura hakumwondolei mtu hadhi ya ukimbizi. Tanzania inaweza kukubali kwa siku hizo chache. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi zote mbili ni wanachama, inaweza kutuma waangalizi, na safari hii wapokelewe.

Hayo hayafanyiki mwezi mmoja kabla ya kura. Kwa uchaguzi wa Juni 2025, wananchi waliandikishwa Oktoba 2024. Kwa kura ya rais ya 2027, uamuzi kuhusu walio nje lazima uwe umeshafanywa kabla CENI haijafungua daftari. Wabunge, maaskofu, masheikh wa Muyinga, wanahabari, na kila mwenye ndugu ng'ambo: waulizeni CENI sasa watu wa kambini wataandikishwa wapi, lini, na nani atawaandikisha. Atakayekosa daftari la 2027 atasubiri kumchagua rais mpaka 2034.